Kiwanja Hakifungwi kwa Mshahara wa Mlinzi

Ndugu Wafanyakazi,

Katika karatasi hii twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mlinzi wa usiku analijua, na ambalo matajiri hujifanya hawalijui. Ni juu ya viwanja vya kuwekea motokaa: vya maduka, vya mahospitali, vya mabenki, vya makanisa na vya maafisi, ambavyo mchana vina wenyewe na usiku huwa vya kila mtu. Tajiri asema, "Baada ya saa za kazi, motokaa isiyo na ruhusa isionekane hapa." Sawa. Hatubishi. Kiwanja ni chake, naye ana haki ya kukifunga. Tunachobisha ni njia anayoitumia kukifunga. Kwa maana hakukifunga kwa lango, wala kwa taa, wala kwa watu wa kutosha. Amekifunga kwa mshahara wa mlinzi.

Tutaeleza jinsi ilivyo.

Juzi alikuja afisini mwetu mwenzetu mmoja akiwa na barua mkononi. Hatutataja jina lake, wala la kampuni yake, wala la duka analolilinda, kwa sababu shauri lake lingali likizungumzwa. Mwenzetu huyu analinda kiwanja kilicho mbele ya duka kubwa hapa Nairobi. Kiwanja kina njia mbili za kuingilia. Njia ya kwanza ina lango. Njia ya pili ilikuwa na lango, likagongwa na lori la mizigo, likaondolewa, na mpaka leo hapana lango jingine. Duka hufungwa saa tatu usiku. Ikifika saa nne, amri ni kwamba isibaki motokaa yo yote ila mbili za duka lenyewe. Na ng'ambo ya barabara pana baa. Ninyi mnaofanya kazi ya usiku mmekwisha kujua hadithi hii inakoelekea.

Usiku wa Ijumaa moja, saa tano kasoro robo, ziliingia motokaa tatu kwa ile njia isiyo na lango. Mwenzetu alizifuata na tochi yake, akasema kwa adabu, "Mabwana, hapa pamefungwa." Wawili walicheka, wakavuka barabara kwenda zao. Wa tatu alimwuliza, "Wajua mimi ni nani?" Swali hili walinzi wote wamelisikia, na hapana mlinzi aliyewahi kupewa jibu lake. Mwenzetu aliandika namba za motokaa hizo katika daftari, akaandika na saa. Kisha akampigia simu msimamizi wake, kwa pesa zake mwenyewe. Simu ililia, haikushikwa. Saa sita akapiga tena. Haikushikwa. Yuko peke yake. Kiwanja chaenea motokaa themanini. Katika taa tano, mbili haziwaki. Na nyuma ya duka kuna mlango wa stoo ambao nao ni juu yake. Alipokwenda kuutazama mlango wa stoo, mtu aling'oa kioo cha kando cha motokaa ya yule bwana asiyejulikana ni nani.

Asubuhi bwana huyo alimwendea meneja wa duka kudai kioo chake. Meneja akaiandikia kampuni ya ulinzi. Kampuni haikuuliza motokaa ile ilikuwa pale kwa ruhusa ya nani. Ilikata Sh. 4,500 katika mshahara wa mwenzetu, yaani Sh. 1,500 kila mwezi kwa miezi mitatu. Tena, juu ya hayo, ikampa barua ya onyo kwa kosa la kuruhusu motokaa zisizo na ruhusa.

Ndugu, yasomeni maneno hayo mara ya pili. Mwenzetu amelipia kioo cha motokaa aliyoiambia iondoke, na ameonywa kwa kuiruhusu ikae. Mwenye motokaa, aliyeingia mahali palipofungwa, ametoka na kioo kipya. Mwenye duka, ambaye hakurudisha lango, hakutoa hata senti. Kampuni, ambayo simu yake haikushikwa, haikutoa hata senti. Katika wote hao, ni mmoja tu aliyefanya kazi yake usiku ule, na huyo mmoja ndiye aliyelipa.

Nasi twasema wazi kwamba jambo hili si la mtu mmoja wala la duka moja. Ndivyo mikataba ilivyofungwa katika mji huu, na Mombasa, na Nakuru, na Kisumu. Mwenye kiwanja hufanya mapatano na kampuni, na katika mapatano hayo huandikwa kwamba hasara yo yote itakuwa juu ya kampuni. Kampuni nayo huiteremsha hasara mpaka kwa mlinzi, kwa sababu chini ya mlinzi hakuna mtu mwingine wa kuteremshiwa. Maji hufuata bonde, na bonde ni sisi.

Sasa na tuisikilize sheria, kwa maana matajiri hupenda sana kutuambia habari za sheria.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema ni pesa gani tajiri anaweza kukata katika mshahara. Katika habari za mali iliyoharibika au kupotea, yamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyokuwa mikononi mwa tajiri kwa halali, ikiwa mfanyakazi ameiharibu au ameipoteza kwa kukusudia. Yatazameni maneno hayo mawili: kwa halali, na kwa kukusudia. Motokaa iliyoingia usiku bila ruhusa haikukabidhiwa tajiri, wala hakuipokea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika amri kwamba isiwepo. Na mlinzi aliyeandika namba, akapiga simu mara mbili, akaenda kuutazama mlango wa stoo aliopewa autazame, amekusudia nini? Tajiri hawezi kusema jioni kwamba motokaa ile hapaswi kuiona, na asubuhi akasema alikuwa ameitunza. Achague moja.

Tena sheria hiyo hiyo yasema, katika kifungu cha 41, kwamba mfanyakazi hawezi kufukuzwa kwa kosa mpaka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na asikilizwe mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama. Wangapi kati yetu wameambiwa getini saa kumi na mbili asubuhi, "Rudisha nguo za kazi, nenda nyumbani," kwa sababu meneja amefika akakuta motokaa asiyoijua? Huko si kusikilizwa. Huko ni kutupwa.

Yako na mengine. Sheria ya Kuingia Ardhi ya Mtu Bila Ruhusa, Sura ya 294, yasema kwamba mtu aingiaye katika ardhi ya mwenyewe, au abakiye humo, bila sababu ya haki na bila ruhusa ya mwenye mahali, amefanya kosa. Basi mkosaji yuko, na sheria imemwonyesha kwa kidole. Mkosaji ni yule aliyeingia. Lakini tumwulize tajiri: tangu ulipoanza kulalamika juu ya motokaa za usiku, ni mara ngapi umewapeleka wenyewe kwa polisi? Una namba zao katika daftari letu, tumeziandika kwa mkono wetu chini ya mvua. Hukuwapeleka, kwa sababu mmoja ni mteja wako, mwingine ni rafiki ya rafiki yako, na wa tatu ni mkubwa fulani. Kwa hao wewe ni mpole. Ukali wako umemwekea mlinzi peke yake.

Na Sheria ya Kusimamia Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 yampa mlinzi uwezo wa kumwomba mtu kitambulisho penye kuingilia, na wa kuandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Ni neno jema. Lakini sheria yasema penye kuingilia. Mahali ambapo kiwanja kizima ni uwazi, pasipo lango wala mnyororo wala jiwe, mlinzi asimame wapi aulize? Mwenzetu wa lile duka angesimama njia ya kwanza, motokaa zingeingia kwa njia ya pili. Angesimama njia ya pili, zingeingia kwa ya kwanza. Angesimama katikati, angeambiwa ameacha stoo.

Twajua majibu ya matajiri, maana tumeyasikia mezani. Tutayajibu moja moja.

Wasema, "Mlinzi analipwa ili alinde." Kweli, lakini alipwe kwa saa gani, na alinde kwa kitu gani? Amri ya Mishahara ya walinzi ya mwaka 1998 yasema kwamba juma la kazi ni saa 52 katika siku sita. Mlinzi aingiaye saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita, amefanya saa 72. Saa 20 ni za ziada, na lazima zilipwe kama saa za ziada. Tajiri anayetaka kuhesabu vioo vya motokaa na aanze kwa kuhesabu saa hizo. Na kitu cha kulindia ni rungu, tochi, na kipenga. Rungu halifungi njia ya motokaa. Mtu akisimama mbele ya motokaa inayoendeshwa na mlevi, hakuifunga njia. Ametoa roho yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka tajiri aweke mahali pa kazi pawe salama. Haikusema kwamba mlinzi awe ndiye lango.

Wasema pia, "Lango ni ghali." Basi na waseme ni ghali kuliko nini. Kuliko mshahara wa mlinzi anaofukuzwa nao kila miezi michache, na mwingine kuletwa, na huyo naye kufukuzwa? Tena si lazima liwe lango la chuma lenye mashine. Viwanja vingi vingefungwa kwa mnyororo imara na kufuli na nguzo mbili, na njia ya pili ikazibwa kwa mapipa yaliyojazwa zege. Seremala na fundi wa chuma wa Gikomba wako, na kazi waitaka. Tajiri haoni ghali kununua bango lenye jina lake linalowaka taa usiku kucha, lakini taa ya kiwanja ikizimika yaona miezi.

Tena wasema, "Tumeweka kamera." Tumeziona. Kamera haina mdomo wa kusema, "Bwana, hapa pamefungwa." Kamera haiandiki namba penye giza. Na mara nyingi tumeona ya kwamba kamera imegeuzwa uso wake: haitazami njia ya motokaa, yatazama kibanda, ipate kuona kama mlinzi amefumba macho. Ikiwa kamera ni ya kulinda kiwanja, basi siku motokaa ilipoingia kwa nguvu picha hiyo na itolewe, imtetee mlinzi. Mpaka sasa picha hutolewa siku ya kumshtaki tu.

Na mabwana wengine, walipoona hayo yote hayafai, walinunua klampu, chuma kile cha kufungia gurudumu, wakatuambia, "Fungeni, mtoze pesa." Ndugu, jihadharini sana na chuma hiki. Kilianza kutumiwa na polisi wa mji wa Denver huko Marekani, na mvumbuzi wake, Frank Marugg, alikipatia hataza mwaka 1958. Kilikuwa chombo cha polisi, cha kumlazimisha mtu alipe faini za mji. Baadaye wenye viwanja wa Uingereza walikichukua wakakifanya mtego wa pesa. Scotland, mwaka 1992, korti ilisema kwamba kumfungia mtu gurudumu katika kiwanja cha mwenyewe na kudai pesa ni kosa la jinai. England na Wales, tangu Oktoba 1, 2012, sheria imekataza jambo hilo katika viwanja vya watu binafsi. Wao wenye maguvu walikiacha. Sisi ndio tupewe tukibebe saa saba za usiku? Faini hutolewa na korti, si na mlinzi. Na kama hata sheria haikuwepo, akili ipo: tajiri ataka motokaa itoke, naye atuambia tuifunge isitoke! Asubuhi ataikuta pale pale, ina mnyororo, ina mwenyewe mwenye hasira, na mlinzi mwenye jicho lililovimba.

Sasa twafikia jibu lao la mwisho, na hili tutalijibu tukiwa tumetazama chini kidogo. Wasema, "Walinzi wenyewe huuza nafasi usiku."

Hatutafichana. Wako. Yuko mlinzi anayepokea Sh. 100 kwa mtu wa baa, na Sh. 200 kwa mwenye matatu ili matatu ilale humo mpaka alfajiri. Chama hakitasimama mezani kumtetea mtu kwa uongo. Lakini twasema mambo mawili. La kwanza kwa tajiri: ukimjua mwenye kufanya hivyo, mwite, mwambie kosa lake, msikilize mbele ya mwenzake kama sheria isemavyo, kisha fanya lililo haki. Usiwakate watu kumi kwa sababu ya mmoja usiyemjua. La pili kwa ndugu yetu mwenyewe: ile Sh. 100 si faida, ni kamba. Siku kioo kikipotea, yule uliyemruhusu ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, "Nilimpa mlinzi pesa." Utalipa kioo, utapoteza kazi, na utakuwa umewapa matajiri neno la kutupigia sisi sote. Mwenzako wa kiwanja cha pili, ambaye hakupokea kitu, atakatwa kwa sababu yako. Acha.

Tena kuna jambo ambalo chama cha wafanyakazi hakiwezi kulinyamazia. Si kila aingiaye usiku ni mlevi wala mkubwa. Wako wanawake wanaofika mjini saa tisa za usiku kungoja mboga pale Marikiti, nao huketi kando ya kiwanja kwa kuogopa kuporwa barabarani. Wako madereva wa teksi, ambao hawana mahali pa kungojea abiria. Wako wauguzi na wafagiaji wa hospitali wa zamu ya usiku, ambao huambiwa kiwanja ni cha wakubwa tu. Wako wapishi wa mikate. Hawa ni wafanyakazi kama sisi. Twaona mara nyingi ya kwamba amri ya kufunga kiwanja huwashukia hawa kwa rungu, na Wabenzi huinuliwa kizuizi na kupigiwa saluti. Amri ya namna hiyo haifungi kiwanja, yawachuja watu. Ikiwa pamefungwa, pamefungwe kwa wote. Ikiwa kuna ruhusa, ruhusa hiyo iandikwe, na mfanyakazi wa zamu aweze kuipata kama mwenye Benzi.

Msidhani kwamba ni mara ya kwanza mji huu kuweka amri za motokaa juu ya shingo ya mfanyakazi. Mwezi wa Oktoba 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kupinga amri ndogo mpya za Baraza la Mji, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Fred Kubai. Wazee wale hawakukataa kwamba mji uwe na taratibu. Walikataa taratibu ambayo mzigo wake wote ni wa mwenye kazi. Nasi leo twasema hivyo hivyo.

Kwa hivyo, chama kinapeleka kwa matajiri madai haya, na kila mjumbe wa chama mahali pa kazi ayasome mbele ya wenzake:

1. Kila kiwanja kinachofungwa usiku kiwe na njia moja tu ya kuingilia baada ya saa za kazi, yenye lango au mnyororo na kufuli. Njia nyingine zizibwe.

2. Kuwe na mabango makubwa penye kuingilia, kwa Kiswahili na Kiingereza, yakieleza saa ya kufunga, ya kwamba motokaa isiyo na ruhusa haipokelewi, na namba ya simu ya mwenye kiwanja mwenyewe. Mgeni mwenye hasira na aongee na mwenye kiwanja.

3. Taa zote ziwake. Taa ikizimika na mlinzi akaiandika katika daftari, hasara yo yote itakayotokea penye giza hilo si ya mlinzi.

4. Mlinzi apewe kila jioni orodha ya motokaa zilizo na ruhusa, yenye sahihi ya meneja. Ruhusa ya mdomo, ya "mimi namjua meneja", isihesabiwe.

5. Nusu saa kabla ya kufunga, wafanyakazi wa duka wapite kiwanjani pamoja na mlinzi wawatangazie wateja. Motokaa inayobaki ihesabiwe na kuandikwa na wote wawili, meneja na mlinzi, ndipo zamu ianze. Mlinzi asirithi motokaa za mchana.

6. Kiwanja kikubwa kisilindwe na mtu mmoja. Mmoja akae penye kuingilia, mwingine azunguke. Atakaye mtu mmoja na achague: ama lango, ama stoo.

7. Msimamizi wa usiku awe na simu inayoshikwa, na pesa za simu zitoke kwa kampuni. Motokaa ikiingia kwa nguvu, kazi ya mlinzi ni kuandika namba, kupiga simu, na kukaa salama. Kuita polisi au gari la kuvuta ni kazi ya msimamizi na mwenye kiwanja.

8. Hasara ya motokaa isiyo na ruhusa isikatwe kamwe katika mshahara wa mlinzi. Neno hili liandikwe katika mkataba wa kampuni na mwenye kiwanja, kwa maana huko ndiko maji yanakoanzia.

9. Penye nafasi ya kuwapa watu wa usiku, kama madereva na wafanyakazi wa zamu, mwenye kiwanja afanye nao mapatano ya wazi, kwa karatasi na kwa bei inayojulikana. Nafasi inayotolewa kwa wazi haiuzwi kwa siri.

Ninyi wanachama, nanyi mna kazi. Andikeni. Daftari ndilo wakili wa mlinzi. Andika namba, saa, rangi ya motokaa, na maneno uliyoambiwa. Andika kila mara ulipompigia msimamizi, na kama hakushika, andika hivyo. Ikiwa hawakupi daftari, nunua kitabu kidogo cha shule. Dai karatasi ya mshahara kila mwezi, kwa maana sheria yakupa haki ya kuona kila kilichokatwa na sababu yake. Usitie sahihi barua ya kukubali kukatwa kabla ya kumwonyesha mjumbe wa chama. Ukiambiwa, "Tia sahihi sasa hivi ama uende," jibu kwa adabu kwamba utaisoma kwanza, kisha uje afisini. Na usikae na shauri lako miaka na miaka. Madai ya kazi yana kikomo cha miaka 3 kortini, na walio wengi huja kwetu mwaka wa nne.

Yule mwenzetu wa kioo tumempa mtu wa kwenda naye mezani. Daftari lake analo, na namba tatu zimo, na saa zimo, na simu mbili zisizoshikwa zimo. Twataka pesa zake Sh. 4,500 zirudishwe, na barua ya onyo ifutwe. Si pesa nyingi kwa mwenye duka. Kwa mwenzetu ni kodi ya chumba Kawangware, na ni karo ya mtoto iliyosimama. Tutawaarifu katika karatasi ijayo walivyojibu.

Matajiri waliosoma karatasi hii, na twajua ya kwamba huletewa, twawaambia neno moja bila matusi. Mnataka viwanja vyenu viwe vitupu usiku, na sisi twataka hivyo zaidi yenu, kwa maana kiwanja kitupu ni usiku mwepesi. Hatuna ugomvi katika hilo. Leteni lango, leteni taa, leteni mtu wa pili, leteni orodha. Mkileta hivyo, motokaa ikiingia kwa uzembe wetu, tuulizeni, tutajibu. Msipoleta, msituulize.

Ndugu, usiku wa leo wengi wenu mtakuwa mmesimama penye njia isiyo na lango. Kaeni macho, andikeni, wala mtu asiwe peke yake katika shauri lake.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Walinzi wa Usiku